Kifaru Aliyetaka Nyayo za Mmoja

Ngano inabisha hodi!
— Ipite, mlango tumeufungua!
Imebeba uongo begani!
— Iutue hapa, tuupike!
Na ukweli je, imeuacha wapi?
— Huo ibaki nao!

Haya. Kaeni vizuri, na mahindi yaendelee kupukuchuliwa, maana ngano inaingia masikioni, haiingii mikononi. Mama yenu kaniambia, "Hawa watoto wako siku hizi wana vichwa vigumu, hebu wasimulie ngano ya utii." Nami ninayo. Niliisikia kwa marehemu baba yangu, na mwisho wake watoto wanapiga magoti wanaomba radhi. Nadhani wanapiga magoti. Tutaona tukifika.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana, palikuwa na kifaru mmoja akiitwa Mzee Ngurumbi. Mkubwa! Akikohoa, ndege wanahama mti. Alikuwa na kisima alichokichimba kwa pembe yake mwenyewe kwenye mchanga wa mto uliokauka. Alikuwa na dimbwi la tope la kulalia. Alikuwa na jiwe la chumvi la kulamba. Kisima chake. Dimbwi lake. Jiwe lake. Hata nzi waliotua juu ya jiwe aliwahesabu kuwa wake.

Na alikuwa na watoto wawili wa kiume, hao nao wake. Mkubwa aliitwa Pazi, miguu mirefu. Mdogo aliitwa Dundo, miguu mifupi. Mama yao alishakwenda kusalimia ndugu zake, miaka minne ilikuwa imepita, na bado alikuwa hajamaliza kusalimia.

Sasa sikilizeni desturi ya nyumba ile. Kila asubuhi Mzee Ngurumbi alikwenda kisimani. Du! Du! Du! Watoto walimfuata nyuma, na kila mmoja alitakiwa kukanyaga palepale alipokanyaga baba. Si pembeni, si karibu. Palepale! Pazi mwenye miguu mirefu alijibana mpaka magoti yakamuuma. Dundo mwenye miguu mifupi alirukaruka mpaka akahema. Wakifika, Mzee anageuka na kuangalia vumbi.

"Nyayo za wangapi?"

"Za mmoja, Baba!"

"Za nani?"

"Zako, Baba!"

"Na ninyi?"

"Hatupo, Baba!"

"Safi kabisa."

Hapo ndipo anainama na kunywa. Gubu! Gubu! Gubu! Akishiba, watoto wanalamba kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki ni mchanga wenye unyevu. Na siku akiona unyayo mmoja umetoka pembeni, hata kidole tu, mwenye unyayo ule hanywi siku hiyo.

Mmesikia? Utii huo. Mimi siwaambii mkanyage nyayo zangu. Nawaambia mfunge mlango wa banda la mbuzi, basi, na hilo tu linawashinda.

Tuendelee. Siku moja Pazi aliinua kichwa kisimani, akaona ng'ambo ya mto binti kifaru anakula majani. Jina lake Nyamizi. Pazi akasahau hata mchanga aliokuwa anaulamba. Siku ya pili akamwona tena, wakasalimiana kwa sauti. Siku ya tatu binti akasogea ukingoni.

"Pazi," akasema, "umeona mawingu kule milimani? Mvua ikinyesha kule, mto huu unajaa, na ukijaa hauvukiki mpaka mwakani. Ukitaka kuja, njoo sasa. Mwakani sikuahidi. Kule nyumbani washaanza kunitajia majina ya watu."

Furaha na hofu vikamjaa Pazi kwa pamoja. Akaenda kwa baba yake, akapiga goti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Sema."

"Baba, naomba kuvuka mto."

"Mimi nilivuka?"

"Hapana, Baba."

"Baba yangu alivuka?"

"Sijui, Baba."

"Hakuvuka! Basi unapata wapi mto wa kuvuka? Nisikilize, Pazi. Na wewe Dundo, toka huko nyuma ya kichaka, nimekuona. Fanyeni ninachofanya mimi. Hakuna zaidi, hakuna pungufu. Mkifanya ninachofanya mtakuwa mimi, na nikifa nitakuwa sijafa. Mmeelewa?"

"Ndiyo, Baba."

Hawakuelewa. Pazi alijua jambo moja tu: kwamba anataka kuvuka kabla ya mvua, na akijaribu atakimbizwa na pembe yenye urefu wa mkono. Dundo ndiye aliyekuwa na shida zaidi. Dundo hakutaka kuvuka. Hakuwa na binti. Hakujua anataka nini. Alijua tu kwamba kila jioni akilala, miguu yake inaruka yenyewe, naye anaihurumia.

Sasa, pale karibu na njia ya kisimani aliishi Sange. Mnamjua sange? Kanyama kadogo, ukimwona haraka utasema panya, lakini ana pua ndefu inayochezacheza, na ana wazimu wa usafi. Sange huyu alikuwa na kijia chake chini ya vichaka, na kila alfajiri alikifagia kwa miguu. Fya-fya-fya! Jani hapa, kijiti pale, vyote nje. Akimaliza anasimama kukitazama na kufurahi. Na akiwa bado anafurahi, du! du! du! Mzee Ngurumbi anapita katikati na kukifukua chote. Kila siku Sange anafagia, kila siku Mzee anavuruga. Sange alishalalamika mara saba. Mzee hakuwahi hata kumwona.

Ndipo Sange akawakuta wale vijana wamekaa kichakani, wamenuna.

"Vijana, kulikoni?"

Wakamweleza yote, la mto, la Nyamizi, la nyayo. Sange akachezesha pua.

"Baba yenu kasema nini hasa? Nataka maneno yenyewe."

"Kasema, 'Fanyeni ninachofanya mimi, hakuna zaidi, hakuna pungufu,'" akajibu Pazi.

"Ala! Kumbe ninyi ndio wakaidi."

"Sisi, Mjomba?"

"Ninyi! Baba yenu anakunywa wa kwanza. Ninyi mnakunywa wa mwisho. Huko ni kufanya anachofanya?"

"Hapana," akasema Dundo.

"Baba yenu anatembea mbele, hamfuati mtu. Ninyi mnamfuata mtu. Huko ni kufanya anachofanya?"

"Hapana."

"Baba yenu anaamuru. Ninyi mnasema ndiyo Baba, ndiyo Baba. Mmewahi kumsikia baba yenu akimwambia mtu ndiyo Baba? Aibu tupu! Mzee wa watu anahangaika na watoto wasiomsikia."

Wale vijana wakatazamana. Kichwa cha Dundo kikaanza kuuma upande mmoja.

"Kwa hiyo tukimtii, tumemkaidi?"

"Mkimtii nusu, mmemkaidi. Kuanzia kesho mtiini yote."

Kulipopambazuka, Mzee Ngurumbi akaanza safari ya kisimani. Du! Akasikia du! upande wa kulia. Akasikia du! upande wa kushoto. Akageuza kichwa. Pazi yuko hapa, Dundo yuko pale, wote wamenyanyua pua juu, wote wanatazama mbele.

"Mnafanya nini?" akauliza Mzee.

"Mnafanya nini?" akauliza Pazi.

"Mnafanya nini?" akauliza Dundo.

"Nimewauliza mimi!"

"Nimewauliza mimi!"

"Nimewauliza mimi!"

Mzee akatikisa masikio, akadhani labda hakulala vizuri. Akaenda kisimani, akainama. Vichwa vitatu vikainama pamoja. Kisima kile kilikuwa cha kichwa kimoja. Ko! Ko! Pembe zikagongana, maji yakamwagika, hakuna aliyepata hata funda.

"Nani kaninywea maji yangu?"

"Nani kaninywea maji yangu?"

"Nani kaninywea maji yangu?"

Mzee akapiga chafya. Chwaa! Wakapiga chafya. Chwaa! Chwaa! Akaenda kwenye jiwe la chumvi, ndimi tatu zikaenda. Akajitupa dimbwini, wakajitupa. Pwaa! Pwaa! Pwaa! Tope lote likaruka nje, dimbwi likabaki na vifaru watatu wakavu waliobanana. Yeye yuko katikati, hawezi kugeuka.

Mzee akakasirika, wanangu, akakasirika kweli. Akajinasua, akarudi nyuma, akakuna ardhi kwa mguu, akainamisha pembe. Pale Pazi na Dundo waliogopa sana. Lakini wakarudi nyuma, wakakuna ardhi kwa mguu, wakainamisha pembe. Pembe mbili zikaitazama moja. Mzee akasimama. Nao wakasimama.

"Mimi ndiye baba hapa!"

"Mimi ndiye baba hapa!"

"Mimi ndiye baba hapa!"

Hapo Mzee Ngurumbi akageuka kuangalia vumbi, maana vumbi ndilo alilolizoea.

"Nyayo za wangapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nyayo za wangapi?"

"Nyayo za wangapi?"

Tangu awe baba, swali lile halijawahi kukosa jibu. Akahesabu mwenyewe. Mistari mitatu. Akaunusa wa kwanza, ukanuka Ngurumbi. Akaunusa wa pili, Ngurumbi. Wa tatu, Ngurumbi. Upi wake?

Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu vilevile, na mawingu kule milimani yakawa meusi. Pazi alikuwa anarudia maneno ya baba yake huku jicho moja liko ng'ambo. Nyamizi alikuwa amesimama ukingoni, hali majani tena, anasubiri tu.

Hapa baba yangu, kama sikosei, ndipo alipowaleta watoto kwenye kupiga magoti. Lakini sioni njia ya kuwafikisha. Wamekwishasimama wima wote watatu. Ngoja niendelee, labda watapiga magoti mbele.

Jioni ya siku ya tatu Mzee Ngurumbi akaona kitu kidogo kinafagia njiani. Fya-fya-fya. Akiwa na kiu ya siku tatu na kichwa kinamzunguka, kwa mara ya kwanza akaona kwamba pale pana mtu.

"Wewe mdogo," akasema, "kazi yako ni njia?"

"Ndiyo kazi yangu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi wewe unajua nyayo. Niambie, zangu ni zipi?"

Pazi na Dundo walikuwa pembeni, nao wakauliza, "Niambie, zangu ni zipi?" Sange akajifanya kutazama. Akachezesha pua huku, akachezesha pua kule, akapima kwa mkia.

"Mzee, naona wazee Ngurumbi watatu. Wa kweli ni mmoja."

"Ni yupi?"

"Ni yupi?"

"Ni yupi?"

"Kumjua ni rahisi. Sema amri moja tu. Sema, 'Nendeni mkawe mnavyotaka.' Atakayekwenda ni mtoto. Atakayebaki ndiye baba. Tena wewe utakuwa umejipata, na kisima utakunywa peke yako."

Mzee akafikiri. Amri ile hakuwahi kuisema, na mdomo wake haukujua pa kuanzia. Lakini kiu! Na woga wa kutojijua! Akavuta pumzi.

"Nendeni..." akasema, akakwama. Akameza mate. "Nendeni mkawe mnavyotaka!"

Pazi akafungua mdomo ili arudie. Sange akamkanyaga ukwato kwa miguu yote minne. Pazi akamkumbuka Nyamizi. Mungu wangu, alivyokimbia! Drrrrr! Mchanga wa mto ukaruka, miguu mirefu ikafunguka kwa mara ya kwanza, kila mguu ukitua unapotaka. Alipofika katikati wakasikia kutoka juu, vuuuuu! Maji yanakuja, yamebeba magogo. Nyamizi akapiga ukelele. Pazi akajitupa ukingoni, mguu wa nyuma ukiwa tayari majini, akapanda. Akageuka. Alitaka kusema kwaheri, lakini mto ulishajaa, hakuna kilichosikika. Akapunga kichwa tu, huku analia, na Nyamizi amesimama karibu naye.

Hongera Pazi. Huyo hatumtafuti tena.

Sasa tazameni upande huku. Mzee Ngurumbi akageuka ili aone kama kweli yuko peke yake. Akamkuta Dundo amesimama, mdomo wazi.

"Wewe umebaki," akasema Mzee.

"Nimebaki."

"Atakayebaki ndiye baba." Mzee akarudi nyuma hatua moja. "Basi wewe ndiye mimi?"

"Hapana, Baba! Mimi ni Dundo."

"Kwa nini basi hukwenda?"

"Nafikiri, Baba. Umeniamuru niwe ninavyotaka. Nikiwa ninavyotaka, nimekutii. Nikikutii, sijawa ninavyotaka. Nikikataa, nabaki hapa, na wewe umebaki hapa, kwa hiyo nafanya unachofanya. Kila ninakogeuka nakukuta wewe."

Mzee akakaa chini. Dundo akamgeukia Sange.

"Mjomba, nifanyeje?"

Sange alikuwa anatazama kijia chake, kizima, kisafi, na kwa kuwa mto umekwishafunika kisima, hakuna tena wa kupita kukivuruga. Alichotaka amekipata. Akafungua mdomo atoe ujanja mwingine, hakukuta kitu. "Mwanangu," akasema, "mimi ni mtu wa njia ndogo. Hayo ni mapana mno." Akaingia kichakani, na huko akasikika akiwakemea wanawe, "Nani kafagia hivi? Fagieni kama ninavyofagia mimi!"

Mvua ikaanza kudondoka pale walipo. To. To. To. Baba na mwana wamekaa, maji yanafuta nyayo zote, za huyu na za huyu. Dundo alijisikia vibaya sana. Kaka yake yuko ng'ambo na furaha yake, naye yuko huru bila kujua uhuru unaanzia mguu gani. Mwishowe akashindwa, akauliza kama alivyozoea kuuliza maisha yake yote.

"Baba, niende wapi?"

Wanangu, Mzee Ngurumbi alikuwa na jibu la swali hilo tangu Dundo hajazaliwa. Alijua wa kuoa, pa kulala, pa kukanyaga. Akainua kichwa, akapanua kifua, akafungua mdomo. Mvua ikamwingia mdomoni. Akaufunga. Akamtazama mtoto wake, ile miguu mifupi yenye uvimbe kwenye magoti, ambayo hakuwahi kuitazama kwa sababu siku zote ilikuwa nyuma yake.

"Sijui," akasema.

"Hujui, Baba?"

"Sijui."

Dundo hakuwahi kulisikia neno lile katika mdomo ule. Kwanza akaogopa. Kisha kitu kikamlegea kifuani, akacheka, akacheka mpaka akaanguka ubavu.

"Hata mimi sijui, Baba!"

"Sasa unachocheka ni nini?"

"Sijui!"

Akainuka. Akageuka kushoto. Kwa nini kushoto? Msiniulize, hata yeye hakujua. Akatoa mguu mmoja, akauweka chini mahali ambapo hapakuwa na unyayo wowote. Ukatulia. Akatoa wa pili. Hatua zake zilikuwa fupi, zilienda upande, lakini hakuruka hata mara moja.

"Dundo!" sauti ikanguruma nyuma.

Dundo akaganda.

"Naam, Baba?"

Mzee Ngurumbi alikuwa amesimama mvuani, haamuru, hasogei.

"Upande huo," akasema, "mimi sijawahi kufika. Ukifika, uje uniambie kukoje."

Ngano yangu imechoka miguu, imejilaza hapo.
— Ilale salama!
Atakayeiamsha, aibebe mgongoni mwake!
— Sisi hatumo!

Haya. Na fundisho lake ni hili, lisikilizeni vizuri, maana ndilo mama yenu alilolitaka: watoto, watiini baba zenu. Yote wanayoyafanya, fanyeni, hakuna zaidi, hakuna... Hapana. Ngojeni. Watiini nusu. Hapana, hao wa nusu ndio waliokuwa wanalamba mchanga. Basi fundisho ni kwamba msikilizeni sange. Hapana, huyo ni tapeli. Magoti yale sijui yamepotelea wapi, baba yangu alikuwa nayo. Mwambieni mama yenu kwamba mmefundishwa. Akiuliza mmefundishwa nini, niiteni mimi baba yenu nije nijibu, nami nitakuwa nimekwenda kufunga banda la mbuzi.